Mto Ukishuka na Mvua Ingali Inanyesha

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mwanamume mwenye buti ndefu amesimama katikati ya mto wetu, maji yakimfika mapajani, anafunga ubao kwenye nguzo ya chuma. Alikuwa Fundi Sanifu wa Maji kutoka ofisi ya Moshi mjini. Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka kwake kwa sababu moja tu: kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa cha mwisho kabla ya kushukia mtoni hapa Kirua Vunjo. Hakuna aliyeniuliza kama naupenda huo mto. Ningeulizwa ningesema nauogopa, na labda kazi wangempa mwingine.

"Mama, umesoma?" akaniuliza kutoka majini.

"Darasa la nne."

"Unaweza kuhesabu mpaka mia tatu?"

"Wewe unadhani darasa la nne tulikuwa tunafundishwa kucheza?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia maji yanavyomsukuma miguu.

Ubao ule unaitwa kipimo cha kimo. Umepakwa rangi nyeusi na nyeupe sentimita kwa sentimita, na kila mita ina namba nyekundu. Kazi yangu ilikuwa kushuka mtoni saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, niangalie maji yamefika wapi, niandike kwenye daftari. Wakati wa masika, mvua ikizidi, nilitakiwa kusoma kila robo saa. Pale uwanjani kwangu kulikuwa na kopo la kupimia mvua, nalo naliandika. Ndiyo kazi yote, au ndivyo nilivyodhani.

Baada ya mwezi Fundi Sanifu alirudi, akakaa kwenye kigoda changu, akafungua daftari.

"Jana umeandika mita moja na kumi. Leo umeandika mita moja na kumi. Kwa hiyo mto ni ule ule?"

"Ule ule."

"Jana ulikuwa unapanda. Leo unashuka. Mama, ukikutana na mtu njiani unaridhika kujua amesimama wapi? Huulizi anakwenda wapi, na mbona ana haraka hivyo?"

Tangu siku hiyo daftari langu likawa na safu mbili za ziada. Ya kwanza niliandika maji yamebadilika sentimita ngapi kwa robo saa. Hiyo ni kasi. Ya pili niliandika hiyo kasi yenyewe imebadilika kiasi gani tangu robo saa iliyopita. Nyinyi mnaosoma haya mtaona ni mambo ya wasomi, lakini kila mwanamke aliyewahi kuchemsha maziwa anaijua hiyo safu ya pili. Maziwa hayamwagiki kwa sababu yamefika juu. Yanapanda polepole, wewe unachambua mchicha, ukigeuka yanapanda upesi, na kila ukipepesa macho upesi huo umeongezeka. Mpishi anayeangalia kimo tu atafuta jiko kila siku.

Kisha akanifundisha karatasi ya viboksi. Saa zinakwenda kulia, maji yanakwenda juu, unaweka nukta kwa kila usomaji na kuziunganisha kwa mstari. Mstari ukilala, mto umetulia. Mstari ukisimama kama njia ya kutoka mtoni kwenda kwetu, ile inayowavunja wageni magoti, mto umekasirika. Watu wa mlimani mteremko hatuhitaji kuelezwa sana. Aliniambia niweke rula mahali popote kwenye mstari, iguse mstari hapo tu, nione imeinama kiasi gani. Huo mwinamo ndio kasi ya dakika ile ile.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilikuwa mtiririko, maana kimo peke yake hakikwambii ni maji kiasi gani yanapita. Alipima upana na kina, akatupa kipande cha mgomba mkavu mtoni, akakitazama kwa saa ya mkononi kikielea kutoka jiwe moja hadi jingine. Hicho anakiita chelezo. Alirudia kazi hiyo mto ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, mwisho akanitengenezea jedwali: kimo hiki, mapipa haya kwa sekunde. Pipa ni lile la lita mia mbili mnalolijua. Ukichora mapipa hayo kwenye karatasi, viboksi vilivyo chini ya mstari, ukivihesabu kimoja kimoja, ndiyo maji yote yaliyopita. Kila kiboksi changu kilikuwa robo saa kwa upana na pipa moja kwa sekunde kwa urefu, kwa hiyo kiboksi kimoja kilibeba mapipa mia tisa. Namba hiyo naijua kama jina la mwanangu.

Baadaye walinihamisha. Kwanza Kibosho, kupima chemchemi za shule moja, na barabara za huko enzi hizo zilikuwa adhabu. Nilipandishwa na kijana wa pikipiki aliyekuwa akishuka kwenye tope huku akiangalia mshale wa kasi.

"Bibi usiogope, niko ishirini tu," akasema.

"Dakika iliyopita ulikuwa kumi," nikamwambia. "Na kabla ya hapo tano. Simamisha, nitatembea."

Alinisimamishia akininung'unikia. Nilimkuta mbele kwenye kona, yeye na pikipiki wote ndani ya kahawa ya watu, mzima, ananisubiri nimsaidie kuinyanyua.

Kutoka hapo nilipelekwa Tarakea, huko Rombo, kwenye tangi la maji. Rombo mito haina maji ya kutegemea, na siku ya soko wanawake walipanga ndoo kuanzia alfajiri. Msimamizi wa Tangi alikuwa mzee mkavu asiyesalimia mtu mara mbili. Alinipa kijiti chenye alama cha kupimia kina ndani ya tangi, na akanipa maneno haya: "Tangi halina uchawi. Kinachoingia, toa kinachotoka, tofauti ni lazima iwe mahali. Kama haimo ndani ya tangi, kuna mwizi au kuna ufa. Usiniambie maji yamepotea. Maji hayapotei." Niliogopa siku za soko kuliko zote, kwa sababu nilitakiwa kuwaambia wale wanawake maji yatakwisha saa ngapi, na nikikosea wangepigana. Nilijifunza kukadiria kwa mwinamo wa mstari. Sikukosea sana.

Niliporudi nyumbani Kirua, kazi ikiwa ile ile ya mto, mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Bonde. Huyu alikuwa mtu wa haki lakini mwepesi kuchoka na watu. Kiangazi kimoja niliona mto umeshuka kwa haraka, nikapiga simu mjini. Wakaleta gari, wakahangaika na makorongo nusu siku, wakafika wakakuta watu wa juu wamefungulia mifongo yao kumwagilia. Mfongo ni ule mfereji wa wazee wetu unaochepusha maji ya mto na kuyapeleka vihambani. Afisa alinitazama buti zake zikiwa zimejaa tope.

"Mama Felista, usinipigie simu na wasiwasi. Wasiwasi ninao wa kwangu unanitosha. Nipigie na hesabu. Usomaji wa mara tatu unaokubaliana, halafu jumla ya viboksi. Chini ya hapo, kaa kimya."

Nilimjibu ndiyo bosi. Niliandika maneno yake ndani ya jalada la daftari, nikayatii miaka mingi.

Aliyemfuata alikuwa Mhandisi wa Bonde, binti mdogo kuliko Felista wangu. Alifika, akanipa shikamoo, nikamwitikia, akaomba daftari. Alilifungua akaacha kunywa chai.

"Bibi, nani amekufundisha kalkulasi?"

"Hiyo ni mboga gani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba chuoni kuna hesabu yenye upande wa kwanza unaouliza kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi, na upande wa pili unaokusanya vipande vidogo vidogo mpaka ujue jumla. Mwinamo wa mstari na viboksi vya chini yake. "Nimeililia hiyo hesabu miaka miwili," akasema, "na wewe unaifanya kwenye kigoda." Nilimwambia mimi sijaililia, naiogopa tu, kwa sababu kila inaponipa jibu kuna mto nyuma ya jibu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Ilikuwa Jumamosi ya masika, mvua ya siku tatu bila kupumua. Wiki iliyotangulia mto ulikuwa umebomoa banio la mfongo wetu. Banio ni ule ukuta wa mawe na magogo unaobana maji yaingie mfereji. Letu liko juu, kwenye korongo, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye kipimo changu. Kuta za korongo zimesimama pande zote na njia ya kutokea ni moja. Wanaume walikuwa wanasubiri maji yapungue kidogo wakalitengeneze.

Saa moja kasorobo asubuhi nilisoma mita moja na sentimita arobaini. Mapipa kumi na manne kwa sekunde, mto mkubwa lakini si wa kutisha. Saa moja kamili umeshuka sentimita mbili. Nikafurahi kidogo. Saa moja na robo umeshuka saba. Nikaangalia juu, mvua ile ile. Saa moja na nusu umeshuka kumi na mbili. Saa mbili kasorobo umeshuka kumi na saba.

Someni hizo namba tena. Mbili, saba, kumi na mbili, kumi na saba. Kila robo saa haraka inaongezeka tano. Mto unaopungua kwa sababu mvua imekatika hushuka kwa haraka kisha ukapunguza haraka yake, kama mtu anayechoka. Huu ulikuwa unashuka na kuzidi kushuka, na kopo langu la mvua linajaa. Hakuna mtu anayefungulia mfongo wa kumwagilia wakati wa mvua. Maji yalikuwa yanaingia mlimani na hayafiki kwangu. Na maji hayapotei.

Kule juu msituni kingo zilikuwa zimelowa siku tatu. Nilijua ukingo umeanguka na miti yake, umeziba mto, na nyuma yake kunajaa tangi ambalo hakuna aliyelijenga.

Hapo nikasikia pembe. Kwetu pembe ikipulizwa asubuhi ni msaragambo, kazi ya wote, na asiyefika anatozwa faini. Aliyeipuliza ni mkuu wa mfongo, Mzee Severini, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa ameona alichokiona kila mtu: mto umepungua. Kwa watu wa mfongo mto ukipungua katikati ya masika ni bahati, unakimbilia banioni kabla haujapanda tena. Baba zao walifanya hivyo, na babu zao. Mume wangu, Baba Felista, alikuwa ameshatoka na sepetu yake tangu alfajiri kukaa tayari.

Na mimi nilifanya nini? Nilibaki kusubiri usomaji wa saa mbili. Nilikuwa na usomaji wa mara tatu unaokubaliana tayari, lakini nilikumbuka lile gari lililokuja bure na buti zenye tope, nikataka wa nne. Saa mbili mto ulikuwa sentimita themanini. Umeshuka ishirini na mbili. Nikapanda nyumbani nikachora. Mstari mmoja wa mto ulivyopaswa kuwa, mapipa kumi na manne. Mstari wa pili wa mto ulivyo, mapipa matatu. Nikahesabu viboksi vilivyo katikati ya mistari hiyo miwili. Nilipofika saa mbili na robo vilikuwa thelathini na viwili. Mapipa karibu elfu ishirini na tisa yamesimama juu ya vichwa vya watu, na kila sekunde yanaongezeka kumi na moja.

Nilimpigia Mhandisi. Akasikiliza, hakuniuliza mara mbili. "Bibi, watoe watu mtoni. Mimi napiga simu za chini, daraja na vijiji vyote." Nilimpigia mume wangu. Ikaita mpaka ikakata. Nikampigia Severini, hivyo hivyo. Baadaye nilijua simu zote zilikuwa kwenye makoti, na makoti yametundikwa mtini yasilowe.

Nikavaa buti, nikapanda.

Lazima niwaambie jambo moja, maana vijana siku hizi hawalijui. Kwetu mwanamke hakaribii banio likitengenezwa. Wazee walisema mwanamke akikanyaga maji ya banio kazi imeharibika: wanaume wote watoke, hakuna jiwe litakalowekwa mpaka achinjwe mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, imwagwe. Nimeishi miaka yangu yote pale sijawahi kuliona banio. Ile njia niliijua kwa kusikia tu.

Nilifika saa tatu kasorobo, nahema. Walikuwa kumi na wawili ndani ya korongo, wengine maji ya magotini, wanapokezana mawe, wanaimba. Maji yalikuwa machache na machafu, na yalinukia udongo mbichi. Severini aliniona wa kwanza.

"Mama Felista, umepotea njia? Au mume hawezi kukaa bila chai?"

Wakacheka. Mume wangu hakucheka.

"Shemeji, tokeni mtoni," nikasema. "Mto umeziba huko juu. Maji yanajaa."

"Nani amekuambia?"

"Kipimo."

"Kipimo kiko chini, sisi tuko juu. Kinaonaje mgongoni kwake?"

"Kinaona yasiyofika. Yameshakusanyika mapipa elfu ishirini na tisa ambayo hayajafika, na hiyo ni hesabu ya nusu saa iliyopita."

"Umeyahesabu ukiwa nyumbani, mapipa usiyoyaona," akasema, na safari hii wengine walicheka kwa sauti. Kijana wa jirani akapaza sauti, "Bibi, na mimi nihesabie mbuzi nisio nao."

Mume wangu akaja ukingoni. Akasema taratibu, "Rudi nyumbani. Unaniaibisha. Tutaongea."

Nilimtazama. Miaka thelathini na zaidi nimelala na mtu huyu, na maji yalikuwa chini ya magoti yake, na ukuta wa korongo ulikuwa umesimama nyuma yake kama mlango uliofungwa. Nilitamani kulia lakini machozi yangemfanya aone nina wazimu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na haikuwa na kazi yoyote mahali pale. Kulikuwa na sheria moja tu ambayo watu hao kumi na wawili wangeitii bila kuuliza.

Nikampita mume wangu, nikaingia mtoni. Nikatembea mpaka kwenye mdomo wa banio, pale walipokuwa wameshaweka mawe mapya, nikasimama juu yake na buti zangu.

Wimbo ulikatika. Hakuna aliyenigusa. Severini alitupa jiwe alilokuwa nalo, akasema kwa Kichagga neno ambalo sitaliandika, kisha akawaambia, "Tokeni. Wote tokeni. Mfongo umeharibiwa." Walipanda mmoja mmoja, wanatema mate, wanabeba sepetu. Kijana wa jirani hakunitania tena. Mume wangu alipita karibu yangu akiangalia pembeni, na mimi nikatoka nyuma yao, nikiwa wa mwisho. Niliwahesabu pale juu penye makoti. Kumi na wawili, na mimi wa kumi na tatu.

Kisha maji hayakuja.

Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Walikuwa wanapanga mbuzi wangu atakuwa wa namna gani. Mimi nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja, kwamba maji yatakuja na kwamba hayatakuja. Kalkulasi iliniambia yanakusanyika. Haikuniambia ukuta utakatika dakika ipi, na mpaka leo sijui hesabu inayosema hivyo.

Severini alikwenda pembeni, akakata masale, yale majani marefu tunayoyapanda mipakani na kuyatumia kuombea msamaha. Nikaona anaanza kushuka korongoni nayo.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Pale ulipokanyaga."

Mume wangu akanieleza bila kunitazama. Banio likishanajisiwa, mkuu wa mfongo hufunga masale kwenye mdomo wa banio kabla ya kuondoka, ili ubaya usifuate mfereji mpaka majumbani. Ni kazi yake peke yake. Hilo sikulijua. Ningelijuaje? Wanawake hatukufundishwa mambo ya banio.

Nilimkimbilia. Nilimshika koti, akaning'oa mkono kwa upole, kama unavyomtoa mtoto. "Ni dakika mbili tu, Mama Felista," akasema. "Nikuoshee uchafu wako."

Alikuwa ameinama anafunga fundo. Kwanza tuliona mto umekauka kabisa, mawe yanang'aa. Kisha upepo ukatoka korongoni, upepo wa baridi, na majani ya miti yote upande ule yakageuka. Mume wangu alimwita kwa jina la utotoni. Severini aliinua kichwa akatazama juu ya mto, si kwetu. Hayakuwa maji yaliyokuja. Ulikuwa ukuta wa udongo na magogo yaliyosimama wima, mrefu kuliko nyumba, na nyuma yake ndiyo maji.

Tulimpata siku ya tatu, chini ya pale kipimo changu kilipokuwa. Ubao na nguzo yake havikuonekana tena. Kule chini, daraja liliondoka lakini hapakuwa na mtu juu yake, kwa sababu ya simu za Mhandisi.

Wazee walikaa wiki mbili baadaye. Walisema nimeokoa watu kumi na mmoja, na walisema nimevunja mwiko, na hawakuona kwamba jambo la kwanza linafuta la pili. Nililipa mbuzi na mbege bila kubisha. Kwenye kikao hicho hicho waliamua kwamba kuanzia sasa hakuna atakayeshuka banioni wakati wa masika mpaka msoma kipimo aje asimame pale mwenyewe na kusema shukeni, awe mwanamke au mwanamume. Miaka yangu iliyobaki nilisimama pale mara nyingi. Kila niliposema shukeni nilikaa kwenye jiwe nimeshika simu mpaka wa mwisho atoke.

Mwaka huu nimestaafu. Sasa kuna chombo chenye paneli ya jua pale mtoni, kinapeleka kimo mjini chenyewe kila robo saa, na ofisi imemwajiri binti mmoja akiangalie. Chombo ni kizuri. Nimemuuliza Mhandisi kama kinajua kuogopa mto unaoshuka. Akasema kinapiga kengele mto ukipanda. Nikamwambia akirekebishe, na amekirekebisha.

Siku ya kuniaga tulikula mtori nyumbani kwangu, watu wa ofisi na majirani. Aloisia, mjane wa Severini, alikuja. Vihamba vyetu vimepakana na miaka yote hiyo tulisalimiana tu. Watu walipoanza kutawanyika alikuja jikoni, akafunga mlango, akakaa.

"Nina swali moja na sitaki uniogope," akasema. "Siku ile. Ulijua saa ngapi?"

Ningeweza kumwambia nilipomaliza kuhesabu. Hakuna ambaye angenipinga.

"Saa mbili kasorobo," nikamwambia.

"Ukatoka hapa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

Alikaa akihesabu. Nilimwona akihesabu. Dakika mbili za kufunga masale, dakika tano za kupanda kutoka korongoni, na nusu saa nzima mimi nimekaa na penseli nikitafuta jumla ya kitu nilichokwisha kukijua kwa mwinamo wake.

"Kwa nini ulisubiri?"

"Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga."

Aloisia akainuka, akasafisha kitambaa cha mezani ambacho hakikuwa kichafu. Nje yule binti mpya alikuwa anaosha vyombo na wenzake, anacheka.

"Huyo mtoto anajua?" akauliza.

"Nimemfundisha kipimo, mstari na viboksi."

"Sijauliza hivyo." Akafungua mlango. "Mwite. Mwambie mbele yangu kwamba atoke saa mbili kasorobo."

Nikamwita.